Mume wangu mpishi kazima TV katikati ya tamthilia, sasa haongei. Nifanyeje?

mama_kau

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanijia juu.

Mume wangu ni mpishi wa hoteli hapa Dar, mwaka wa tisa huu. Anasimama kwenye moto, upande wa kukaanga na kuchoma. Anarudi saa sita usiku, siku nyingine saa saba, ananuka kitunguu hata akishaoga. Kazi yake siijui. Nikimuuliza siku imekwendaje anasema "salama", anakula, analala.

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu aliniletea flashi yenye The Bear, ile tamthilia ya Kimarekani ya mgahawa wa Chicago. Nikaona hii inatufaa, si inahusu jikoni. Kijana anaitwa Carmy, amepika kwenye migahawa ya kifahari, kaka yake kajiua kamwachia kibanda cha sandwichi za nyama chenye madeni na wafanyakazi wabishi. Mwanzoni Baba Kauthar alifurahi kama mtoto. Hasubiri hata watu wamalize kusema, ananieleza: ona anavyoshika kisu, ona huyo alivyopanga bakuli zake, huyo kesho atachelewa. Nikagundua mume wangu ni mcheshi, miaka yote hiyo sikujua.

Ijumaa tukafika sehemu ya saba ya msimu wa kwanza. Mlioiona mnaijua. Yule dada Sydney, msaidizi wa Carmy jikoni, kasahau kufunga oda za mapema kwenye mashine, printa ikaanza kutema karatasi, trrr, trrr, haikomi, sandwichi zaidi ya 250 zinatakiwa ndani ya dakika chache. Kamera nayo haikati, inazunguka nao jikoni kama dakika 18 mfululizo. Baba Kauthar alikuwa anakula wali maharage. Akaweka kijiko chini. Watu wanatukanana, Carmy anabwata, yule kijana wa keki, Marcus, katokea na donati yake mkononi. Mara kidogo nikaona kioo cheusi. Kazima. Akatoka barazani, akakaa huko mpaka saa nane za usiku.

Tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Juzi usingizini kasema "dakika mbili, dakika mbili".

Sasa nimeanza kumwangalia mikono. Makovu ya mafuta nimehesabu saba, kutoka kiwiko hadi kifundo, na yote nilishaambiwa "ni mafuta tu". Je, kazini wanamnyanyasa? Nimwambie aache, na Januari ada inangoja? Au nimnyamazie?

mzee_wa_konda

Dada, mimi dereva wa daladala. Nikirudi nyumbani mke wangu akiniwekea muvi ya mbio za magari, nitahama nyumba. Muwekee taarabu.

Supu_ya_Tanga

Nilipika Doha miaka minne, sasa niko Tanga nauza supu yangu mwenyewe. Mama Kau, pole. Wengi humu watakwambia ni matusi ya jikoni yanayomtesa. Matusi mtu anayazoea. Ule mlio wa printa je? Mimi mpaka leo nikienda kutoa hela kwenye mashine, risiti ikianza kutoka, mabega yananipanda yenyewe.

Karatasi ikitoka maana yake kuna mtu amekaa mezani na saa imeanza kuhesabu. Zikitoka tano unazipanga. Zikitoka 20 kichwa kinakuwa cheupe, unatafuta chumvi na chumvi iko mbele ya pua yako. Unakunywa maji kwenye kopo la plastiki la kuwekea mchuzi, unakula umesimama, chooni unakwenda ukikumbuka. Hayo yote wamo nayo kwenye hiyo tamthilia, kwa sababu waliotengeneza wanaijua kazi. Yule bonge mwenye michoro mwilini anayecheza Fak ni mpishi kweli, Matty Matheson wa Kanada. Na dada yake mtunzi, Courtney Storer, ni mpishi, ndiye anayesimamia upande wa vyakula. Hata wanavyopiga kelele "Kona!" na "Nyuma yako!" si mbwembwe. Ukipita na sufuria ya mafuta yanayochemka bila kusema, umeshamuunguza mwenzio.

Kwa hiyo usishangae. Wewe uliona tamthilia, mwenzio alirudishwa kazini saa nne ya usiku bila malipo.

Ngurumo79

Nje ya mada kidogo: nani alisema hii ni vichekesho? Septemba 2024 ilizoa Emmy 11, zile tuzo za televisheni za Marekani, upande wa vichekesho, rekodi ya mwaka mmoja kwa wakati ule, na rekodi iliyovunjwa ilikuwa yake yenyewe ya 10. Mimi nimeangalia misimu miwili nimecheka mara mbili. Ile sehemu ya Krismasi, mama anapika samaki aina saba huku analia na kulewa mpaka anaingiza gari sebuleni, niliangalia nimeshika kichwa.

binti_wa_mzee

@Ngurumo79 mara ya pili ulicheka wapi? Mimi natafuta ya kwanza.

Kavu_Kavu

Mnaikuza tu. Msimu wa tatu wote watu wanaangalia dirishani na muziki unapigwa. Wanaume wazima wanapigiana kelele kuhusu mchuzi. Dada, mumeo kachoka, mpe siku mbili.

binti_wa_mzee

@Kavu_Kavu msimu wa tatu ulizembea, hapo nakubali. Ila humo humo kuna sehemu ya Tina, aliyoiongoza Ayo Edebiri, yule yule anayecheza Sydney. Mama wa miaka 46 kaachishwa kazi kiwanda cha pipi baada ya miaka 15, anazunguka mji mzima na wasifu wake umechapwa kwenye karatasi, vijana wanamwambia aombe mtandaoni. Anaishia kwenye kile kibanda cha sandwichi, anapewa sandwichi ya bure, anakaa nayo analia. Mama yangu alipunguzwa kiwandani mwaka 2009. Tuliangalia wote, hakuna aliyesema neno, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

ShangaziMsema

Mama Kau, nisikilize mimi niliyezeeka na mume wa kazi za zamu.

Usimuulize usiku. Akirudi usiku mwili uko nyumbani, masikio bado yako kule. Ngoja siku yake ya mapumziko, tena asikae amekuangalia usoni. Mpe kazi ya mikono, akatekate kitu, nawe uwe pembeni na shughuli yako. Na usianze na "nimeona kwenye tamthilia". Uliza kitu kidogo: hili kovu la hapa lilikuwa lini? Likija moja, mengine yatafuata. Lisipokuja, kula mlale.

Habari ya kuacha kazi usiitamke kabisa kabla hujajua anaumwa wapi.

Ngurumo79

Mruke naye mpaka msimu wa pili, sehemu ya saba, "Forks". Yule Richie mkorofi, miaka 45, anapelekwa wiki nzima kwenye mgahawa mkubwa kung'arisha uma. Uma tu, kutwa. Anadhani anadhalilishwa, siku zinakwenda anaanza kuona fahari. Mwisho anamkuta mwenye jiko, mama mmoja mpole anayechezwa na Olivia Colman, amekaa peke yake anamenya uyoga, wanaongea taratibu. Hakuna anayefoka. Mumeo ataona jiko linaweza kuwa hivyo.

Supu_ya_Tanga

@Ngurumo79 hapo sikubaliani nawe, kaka. Jiko la hivyo lina wapishi wengi na meza chache. Kwetu wapishi wanne, bafe ya watu mia mbili, na mmoja kati ya wanne hajaja kwa sababu mtoto anaumwa. Ukimwonyesha mtu wa hivyo mgahawa ambako wanatoka mbio kumnunulia mgeni piza kwa kuwa walimsikia akisema hajawahi kuionja, utamchoma zaidi. Mimi niliipenda ile sehemu, lakini niliiona nikiwa nimeshaacha kazi.

mama_kau

Narudi wakuu. Nimesoma yote, ahsanteni. Shangazi, nilifanya kama ulivyosema.

Jumanne ilikuwa siku yake. Nikamwekea viazi vya kumenya, mimi nachambua mchele. Nikauliza kovu la karibu na kifundo. Akasema mwaka jana, Ramadhani, wakati wa futari. Kimya. Viazi vitatu hivi. Halafu akasema mwenyewe: "Siyo printa, Mama Kauthar."

Kumbe ni donati.

Mwaka juzi walikuwa na kijana wa fildi kutoka chuo cha hoteli. Mtoto wa watu, mpole, alikuwa anabaki baada ya shifti kujaribu mkate wa sinia, anautafutia namna ya kuuingiza kwenye bafe ya asubuhi. Siku moja saa saba mchana, oda zimejaa, kijana kamjia mume wangu na kipande kwenye kisahani, "Shefu, onja kidogo tu." Baba Kauthar anasema hakumbuki alichosema. Anakumbuka kisahani kilivyogonga ukuta. Kijana akafagia, akamaliza shifti, kesho yake hakuja. Hakuja tena.

Mimi nimekaa wiki nzima namtafuta anayemnyanyasa mume wangu. Sikujua niseme nini, nikaendelea na mchele. Akaniuliza, "Yule Marcus, baadaye aliondoka?" Nikamwambia sijui, ulizima.

Anaona aibu kumtafuta, anasema mwaka wa pili huu, ataonekana kichaa. Mngekuwa nyie mngemtafuta?

binti_wa_mzee

Mwambie Marcus aliondoka siku ile. Sehemu ya nane akarudi, na msimu wa pili Carmy anampeleka Copenhagen kujifunza keki. Na kwenye ile ile aliyoizima, mwishoni kabisa, Carmy anaiokota ile donati aliyompiga nayo chini Marcus, anaionja. Alizima mapema mno.

Kavu_Kavu

Mimi nilikuwa kijana wa fildi, hoteli nyingine. Nilirushiwa kijiko cha chuma. Angenipigia simu hata leo ningepokea.

ShangaziMsema

Amtafute. Akishampata asianze na maelezo ya oda zilikuwa ngapi.

Supu_ya_Tanga

Chuoni hawatampa namba. Aulize waosha vyombo wa zamu ya usiku, wale ndio wana namba za kila aliyewahi kupita jikoni. Na akimpata, amuulize ule mkate aliuweka hamira kiasi gani. Mimi mwenyewe nautaka.