Babu wa Catalina, Kipevu 1943: nianzie faili lake au daftari la kikosi?

Mama Salma: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Babu wa mume wangu, Mwingereza, aliruka na ndege za Catalina, zile za kijeshi zinazotua majini, pale Kipevu, Mombasa, mwaka 1943. Mimi ni mtoto wa Mombasa, ndiyo maana jambo hili limenishika. Tuna jina lake na picha akiwa na sare, kifuani bawa moja lenye herufi N. Alirudi salama, akafariki uzeeni. Nianzie wapi: faili la utumishi, daftari la kikosi, au orodha za makaburi?

Mzee wa Nyaraka: Marahaba mwanangu. Bawa moja lenye N ni la mwongoza njia. Rubani huvaa mabawa mawili, kwa hiyo usipoteze muda kumtafuta kati ya marubani. Anza na faili la utumishi: mafunzo, vyeo, alihamishwa lini na kwenda kikosi gani. Tangu 2022 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza inahamishia mafaili hayo Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, basi hakikisha kwanza la kwake liko upande upi. Ila ni kavu, tarehe na vifupisho vitupu.

Kilindini: Naomba nitofautiane na mzee, kwa heshima. Faili lina foleni, daftari la kikosi unaweza kulipakua leo kwa malipo. Tafuta AIR 27, yaani fungu la madaftari ya vikosi vya anga, kwenye tovuti ya Kew. Daftari lina fomu mbili. Fomu 540 ni muhtasari tu. Tamu yote iko Fomu 541: ndege ipi, nani walikuwa ndani, waliondoka saa ngapi, walirudi saa ngapi, waliona nini. Ningefungua Kikosi 259, kilichoundwa upya hapo hapo Kipevu Februari 1943 na kuhamia Dar es Salaam Septemba. Angalia tarehe 20 Agosti: Catalina ya 259 na nyingine ya 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Usipomwona, nenda Kikosi 209, nacho kilikuwa Kipevu.

Bint Pemba: Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ni bure, lakini ni ya waliokufa. Itakufaa kwa wenzake. Tena usiwatafute kwenye mnara wa Runnymede, Uingereza, kwenye majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi. Waliopotea upande wetu wa Afrika Mashariki na Madagaska wameandikwa kwenye mnara wa Alamein, Misri.

Mama Salma: Nimewaelewa, asanteni. Na namba yake ya jeshi nitaipata wapi? Majina kama lake ni mengi mno.

Mzee wa Nyaraka: Kama alipandishwa kutoka sajenti kuwa ofisa, soma The London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ni bure mtandaoni. Tangazo hutaja namba ya zamani na mpya pamoja. Ziandike zote mbili, kwani karatasi za kabla ya kupandishwa zina ile ya kwanza.

Kilindini: Dada, kabla hujalipa hata senti, uliza ukoo wa mume kama kitabu cha kuruka cha babu, alimoandika safari zake za angani, kipo. Hicho kinashinda vyote tulivyotaja, mkono ni wake mwenyewe. Saa za usiku kwa kawaida ziliandikwa kwa wino mwekundu.

Mama Salma: Kuna shangazi yake mume wangu mwenye sanduku la karatasi za mzee. Tunampigia Jumapili.

Mzee wa Nyaraka: Akikipata hicho kitabu, mwambie apige picha kila ukurasa, hata ule wa mwisho. Humo mara nyingi kuna jumla ya saa na sahihi ya mkuu wa kikosi.