Naomba ushauri: mimi ndiye ninayehojiwa kuhusu mama kwenye majaribio ya dawa

Habari zenu wapendwa. Tuko Marekani, mama ana Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) na ameingia kwenye majaribio ya dawa. Mimi ndiye ninayehojiwa kuhusu hali yake: kumbukumbu, maamuzi, kazi za nyumbani, kujihudumia. Kipimo cha ukali wa ugonjwa kinaitwa CDR, kila eneo alama 0 (hana tatizo) hadi 3 (hali mbaya zaidi), na maneno yangu yana uzito mkubwa. Shida ni kwamba nimebadilishiwa zamu kazini, mama anashinda na mdogo wangu. Juzi nimejibu kuwa bado anajipikia chai. Kumbe sufuria imeshaungua mara mbili! Imeniuma sana. Je, niombe mdogo wangu ndiye ahojiwe, au kubadilisha mtu katikati kutavuruga matokeo? Na lile jibu nilirekebishe vipi? Aliyepitia hili anisaidie, miadi ni Jumanne.