Makopo ya dawa yanayojipuliza yenyewe: mende na kunguni kwenye nyumba ya kupanga

Mpangaji wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nipo Nkuhungu, Dodoma, nimepanga vyumba viwili vyenye mlango katikati. Kimoja ni mita 3.5 kwa 4, kingine 3 kwa 3, dari iko mita 2.8. Mende wadogo wa kahawia wamejaa nyuma ya friji na kwenye bawaba za kabati, na kunguni wameanza kitandani. Nimenunua makopo manne ya ile dawa unayobonyeza halafu inajipuliza mpaka inaisha. Kila kopo limeandikwa linatosha mita za ujazo 57. Nataka niyafyatue yote siku moja. Mtungi wa gesi nikiufunga inatosha? Na nikae nje muda gani?

Fundi Viuatilifu
Mkuu, manne usithubutu. Piga hesabu: 3.5 × 4 × 2.8 ni mita za ujazo 39.2, na 3 × 3 × 2.8 ni 25.2. Jumla 64.4. Mlango wa kati ukiwa wazi, kopo moja karibu linamaliza nyumba nzima. Hako kapungufu hakana shida. Kuzidisha ndiko kunakoua watu.

Kinachosukuma dawa nje ya kopo mara nyingi ni butani na propani, gesi zilezile za mtungi wa kupikia. Zikifika karibu asilimia 2 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kulipua. Tena ni nzito kuliko hewa, zinatambaa chini usawa wa kompresa ya friji. Kwa hiyo mtungi utoe nje kabisa, usifunge regyuleta tu. Jiko la mkaa, udi na dawa ya mbu ya kuchoma vizimwe. Zima swichi kuu KABLA ya kubonyeza kopo, na kama una inveta ya sola izime pia, maana watu huisahau.

Toa unga, vyombo, madumu ya maji, nguo za mtoto, kuku na paka. Fungua milango ya kabati na droo. Weka kopo katikati ya chumba kikubwa juu ya stuli iliyotandikwa gazeti, elekeza mdomo mbali na uso, bonyeza, toka hapohapo. Muda wa kukaa nje fuata lebo. Makopo mengi husema ukae nje kwa muda wa saa 2 hadi 4. Ukirudi, fungua madirisha na milango kwanza, toka tena nusu saa hadi saa nzima, ndipo uwashe umeme. Fanya mchana ili usihitaji taa.

Afya Mazingira
Nakubaliana na Fundi kuhusu usalama, ila swali kubwa ni kama kopo litamaliza tatizo lako. Kwa wadudu hawa wawili, halitamaliza. Dawa inapanda juu halafu inatua sakafuni na juu ya meza. Mende yuko ndani ya bawaba na chini ya friji, ambako haifiki. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walijaribu makopo ya aina tatu kwa kunguni, na waliokuwa wamejificha chini ya kitambaa chembamba tu wengi walipona. Mwaka 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walijaribu makopo kwenye nyumba zenye mende: mende hawakupungua, dawa ikabaki sakafuni. Nyumba zilizowekewa jeli ya chambo, yaani dawa ambayo mende huila, mende walipungua sana.

Kwa hiyo mende wape jeli ya chambo yenye fipronili au indoksakabu. Weka matone ya ukubwa wa punje ya mtama kwenye bawaba, nyuma ya friji, chini ya sinki, mengi madogo badala ya machache makubwa. Usipulize dawa yoyote karibu na jeli, mende wataikwepa. Rudia baada ya wiki tatu au nne, kwa sababu jike hutembea na kifuko chenye mayai 30 hadi 40 na wanaoanguliwa lazima wakute chambo kibichi.

Kunguni: shuka na vyandarua vinavyovumilia joto loweka kwenye maji ya nyuzi 60. Fungua kitanda, mwaga maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao, kagua mishono ya godoro kwa tochi. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, mayai yakishaanguliwa.

Jirani Mwema
Angalia juu pia. Nyumba nyingi za kupanga, kuta zinaishia kwenye dari; juu kwenye kenchi ni wazi mpaka chumba cha mwisho. Ukifukiza kwako, dawa na gesi vinapita kwa jirani ambaye huenda anachoma maandazi, na mende wanahamia kwake. Bila kukubaliana na wapangaji wote na mwenye nyumba, usifukize.

Na lebo isome: iwe na namba ya usajili ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) na jina la kiambata, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu. Isiyo na lebo usiiingize ndani.

Mpangaji wa Nkuhungu
Asanteni sana. Basi naanza na jeli. Makopo niyafanyeje? Nimeyaacha kwenye gari. Na jirani alishafukiza wiki iliyopita, ana mtoto anayetambaa.

Fundi Viuatilifu
Yatoe kwenye gari leo. Gari lililofungwa kwenye jua la Dodoma linapita nyuzi 50, na kopo la gesi halivumilii hapo. Ambayo hayajafunguliwa yarudishe dukani. Usiyatoboe wala kuyachoma.

Jirani apige deki kwa maji ya sabuni kila mahali mtoto anapofika, afute meza na miguu ya viti, afue mazulia na midoli. Mtu akikohoa, akibanwa kifua au kutapika, mtoeni nje kwenye hewa, ngozi ioshwe kwa sabuni, apelekwe hospitali pamoja na kopo lenyewe ili daktari asome kiambata. Aliyemeza msimtapishe. Mwenye pumu asiingie mpaka harufu iishe kabisa.