Tupeane uzoefu: ovadrafti na makato yanayoutangulia mshahara

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naleta mada hii kwa wale ambao mshahara au mauzo yao hupitia benki au simu, na ambao wamewahi kuona fedha ikiingia na kupungua ndani ya dakika ile ile. Sizungumzii mikopo mikubwa ya nyumba au gari, ambayo mtu huketi na afisa mikopo, akasaini mkataba na kukabidhiwa ratiba ya marejesho. Nazungumzia ule upungufu wa siku chache kabla ya mwisho wa mwezi: salio limebaki shilingi elfu nane, umeme wa LUKU umekwisha, mtoto anadaiwa mchango shuleni, na benki au mtandao wa simu unakuruhusu kutumia zaidi ya ulichonacho kwa sharti kwamba fedha yoyote itakayoingia ianze kulipa deni hilo. Benki huiita ovadrafti, Wakenya wanaijua zaidi kwa jina la Fuliza, na hapa kwetu watumiaji wa M-Pesa wanaijua Songesha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana niliomba benki yangu taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, nikaipitia mstari kwa mstari na kutenga riba, ada za benki na kodi kila moja peke yake. Nilitarajia kukuta riba ndiyo inayonimaliza, lakini haikuwa hivyo. Riba ya fedha niliyotanguliziwa ilikuwa ndogo kuliko jumla ya ada za kutoa fedha kidogo kidogo kwenye ATM za benki nyingine, ada ya ujumbe wa simu, ada ya kila mwezi ya kuendesha akaunti, na ada ya kuhamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu. Wakati wa tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala kabla ya kupunguzwa mwaka huo huo na tena mwaka 2022, wengi tulijifunza kuhesabu miamala kabla ya kuifanya. Tozo zilipopungua, nadhani hesabu hiyo wengi tuliiacha.

Kuna jambo jingine ambalo watumishi hatulizungumzi. Sote tunaujua utaratibu wa kubakiza theluthi moja ya mshahara, lakini utaratibu huo unayahusu makato yanayofanyika kwa mwajiri, kabla mshahara haujafika benki. Ovadrafti huikuta ile theluthi ikiwa tayari imeingia kwenye akaunti, na hapo hakuna anayeuliza umebakiwa na nini. Naomba kila mchangiaji aeleze kwa utulivu ni makato gani aliyokutana nayo na alifanya nini, bila kuitaja benki inayolalamikiwa.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mwalimu, ahsante kwa mada. Mimi nauza kanga na madera karibu na Biashara Street, na wateja wangu wengi hulipa kwa simu. Fuliza ilipoanza Januari 2019 nilijiunga mapema, kwa sababu mfanyabiashara mdogo hukwama mara nyingi kwa shilingi mia mbili au tatu tu, mzigo uko mbele yake na mwenye mzigo hana subira. Kwa upungufu wa namna hiyo, huduma hii mimi sina ugomvi nayo. Tangu viwango vilipopunguzwa mwishoni mwa Septemba 2022, anayechukua shilingi 1,000 au chini ya hapo hatozwi ada ya kila siku kwa siku tatu za kwanza, akabaki na ada ya kuanzia tu, kama asilimia moja ya anachochukua. Ukichukua 1,000 Ijumaa na kuilipa Jumapili, gharama yake ni kama shilingi kumi tu, na nauli ya matatu itakula zaidi ya hiyo ukienda kumkopa ndugu.

Hesabu hubadilika ukipanda daraja. Ada ya siku haifuati asilimia ya deni bali hufuata daraja, na katika viwango vile vya 2022 daraja linaloanzia shilingi 2,501 lilishuka kutoka shilingi 30 hadi 25 kwa siku, likawa moja hadi kikomo cha juu kabisa. Maana yake anayedaiwa 2,600 na anayedaiwa 20,000 wote hulipa 25 kila kukicha. Kwa siku kumi wa kwanza atalipa 250 za siku na 26 za kuanzia, na wa pili 250 na 200. Wa pili amekopa karibu mara nane ya mwenzake, lakini gharama yake haijafika hata mara mbili. Mnyonge ndiye anayelipa zaidi kwa kila shilingi, na hili hutaliona mpaka uchukue kalamu.

Nililofanya mimi ni kutenganisha. Malipo ya wateja nimeyahamishia Pochi la Biashara, yaani pochi ya M-Pesa ya kupokea fedha za biashara peke yake, yasiingie kwenye laini ninayoitumia nyumbani, kwa sababu fedha yoyote inayoingia kwenye laini yenye deni hulipa deni kwanza, hata ikiwa ni amana ya mteja ambaye mzigo wake bado hujamnunulia. Fedha ya mteja ni fedha ya watu, haifai kuzima deni la unga na mafuta. Na nikipungukiwa na kitu cha nyumbani sichukui zaidi ya elfu moja, hata simu ikiniambia kikomo changu kimepandishwa. Kikomo hicho wamekipandisha wao, mahitaji yangu hayakupanda.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Wanangu, nilikaa kaunta ya benki na baadaye kitengo cha mikopo hadi nilipostaafu, kwa hiyo niruhusuni nieleze upande wa pili wa dirisha. Ovadrafti ya asili, ile ya wafanyabiashara, ni chombo kizuri kikitumika kwa kazi yake. Benki hukubaliana na mteja juu ya kikomo na muda, mara nyingi mwaka mmoja, na riba huhesabiwa kila siku kwa kiasi kilichotumika tu, si kwa kikomo chote. Muuza pembejeo anayenunua mbolea kabla ya msimu na kuiuza mvua zinaponyesha, huyo ovadrafti inamfaa kuliko mkopo wa miaka mitatu.

Tulipokuwa tukipitia maombi ya kuongeza muda, tulitazama jambo moja kabla ya mengine: je, katika mwaka mzima akaunti iliwahi kurudi juu ya sifuri? Akaunti inayoshuka na kupanda ni ya mtu anayefanya biashara. Akaunti iliyoshuka na kuganda chini, ikipanda kidogo siku ya mauzo na kurudi pale pale, hiyo si ovadrafti tena. Ni mkopo wa muda mrefu unaolipiwa bei ya mkopo wa muda mfupi. Mtu wa namna hiyo alistahili kushauriwa aubadilishe uwe mkopo wenye marejesho ya kila mwezi, na mwenye mshahara anaweza kujipima kwa kipimo hicho hicho. Kama kila mwezi siku mbili baada ya mshahara uko chini ya sifuri, basi lililopo si upungufu wa siku chache. Nenda tawini uombe deni lote ligawanywe kwa awamu, uandikiwe tarehe ya mwisho.

La pili ni salio. Kwenye mfumo kuna salio la vitabu na kuna salio linaloweza kutumika, na haya mawili hayalingani kila siku. Hundi iliyowekwa Jumatatu inaweza kuonekana kwenye la kwanza kabla haijaingia kwenye la pili, na malipo ya kadi uliyofanya jana yanaweza kuwa yameshazuiwa bila kuandikwa. Anayesoma namba kubwa na kuitegemea hujikuta chini ya sifuri akiwa anaamini ana fedha. Ukiwa kaunta, uliza kwa maneno haya haya: ninaweza kutoa kiasi gani sasa hivi?

Mchangiaji kutoka Minneapolis, Marekani

Shikamoo mzee wa Mwanza. Umenigusa kwenye salio, kwa sababu huku salio na mpangilio wa malipo ndivyo vilivyonifundisha kusoma masharti. Nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila baada ya wiki mbili, malipo yakiingia, natuma nyumbani. Kwa miaka mingi ada ya kawaida ya ovadrafti katika benki nyingi kubwa za hapa ilikuwa karibu dola 35 kwa kila muamala, hata muamala wenyewe ukiwa kikombe cha kahawa.

Fikirini akaunti yenye dola 100, na siku hiyo kuna malipo manne: dola 6, 9, 20 na 98. Benki ikianza na madogo, matatu ya kwanza yanapita na la mwisho tu linavuka sifuri, ada moja. Ikianza na kubwa, zinabaki dola 2 na yale madogo matatu yote yanavuka, ada tatu, jumla dola 105. Fedha ni ile ile na siku ni ile ile, kilichobadilika ni foleni. Mambo haya yalifika mahakamani, na mwaka 2011 Bank of America ilikubali kulipa dola milioni 410 kumaliza kesi iliyogusa upangaji huo.

Kuna kanuni iliyoanza mwaka 2010 ambayo wageni wengi hatuambiwi tunapofungua akaunti: kwa malipo ya kawaida ya kadi na kwa ATM, benki hairuhusiwi kukutoza ada ya ovadrafti mpaka uwe umekubali mwenyewe huduma hiyo, na ukishakubali unaweza kujiondoa wakati wowote. Mimi nilipiga simu nikajiondoa. Sasa nikipungukiwa, kadi inakataliwa dukani, naona haya kidogo mbele ya foleni, lakini silipi kitu. Kumbukeni tu kwamba kinga hiyo haigusi hundi wala malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi, kama bima na umeme, kwa hiyo hayo nimeyapanga yaangukie siku moja baada ya malipo ya kazini.

Hali imekuwa nafuu kiasi. Mwaka 2022 Citibank iliondoa ada hizo, na Bank of America ikashusha yake kutoka dola 35 hadi 10. Kanuni ya Desemba 2024 iliyotaka benki kubwa zishushe hadi dola 5 ilifutwa na Bunge, na Rais akaidhinisha kufutwa kwake Mei 2025 kabla haijaanza kutumika. Anayehamia huku asidhani bei ni moja kila mahali; aulize kabla ya kufungua akaunti.

Mchangiaji kutoka Leicester, Uingereza

Kwa ufupi: huku tangu Aprili 2020 benki haziruhusiwi kutoza ada ya siku kwa ovadrafti, wala kumtoza zaidi aliyevuka bila makubaliano kuliko mwenye makubaliano. Kila kitu kimekuwa riba moja ya mwaka, na benki nyingi ziliiweka karibu asilimia 40. Kabla ya hapo, aliyevuka kwa pauni 100 bila makubaliano angeweza kulipa pauni 5 kwa siku, na mamlaka inayosimamia huduma za fedha huku ilikadiria kwamba gharama hiyo ingeshuka chini ya peni 20 kwa siku. Waliopoteza ni wale waliokuwa na makubaliano ya bei nafuu; mimi nilikuwa mmoja wao, nikahamishia deni mahali pengine. Hata hivyo naona utaratibu huu ni wa haki zaidi, kwa sababu namba moja hata mama yangu anaweza kuilinganisha.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Naheshimu maelezo yote, lakini mimi ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, na nina neno. Wanachama wetu wanakopa kwenye simu ili wapate hisa ya wiki, halafu wanakopa kwenye kikundi ili walipe simu. Kwenye daftari langu mwanachama huyo anaonekana hodari, hakosi hata wiki moja. Tulikubaliana kwamba mwenye upungufu aruhusiwe kuruka wiki bila faini iwapo atatoa taarifa kabla ya kikao. Faini ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma kwenye simu.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Mzee wa Mwanza, nikiona kwenye taarifa ya akaunti kato nisilolielewa, nianzie wapi ili nisizungushwe?

Mchangiaji kutoka Mwanza

Anzia benki yenyewe, kwa maandishi, na usiende na maneno ya jumla kwamba "mnanikata sana". Taja tarehe, kiasi na maelezo yaliyoandikwa kwenye mstari huo, ambatisha nakala ya taarifa, omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na saini ya aliyepokea. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na usiporidhika na jibu unaweza kulipeleka Benki Kuu, ukiwa na jibu hilo mkononi. Pia omba orodha ya ada na uisome kabla ya kwenda, maana makato mengi yanayolalamikiwa yamo humo.

Mchangiaji kutoka Muscat, Oman

Nimesoma yote na naongeza la kwetu tulio mbali. Nilipokuja huku niliiacha akaunti Unguja ikiwa na fedha kidogo, na ada ya kila mwezi ikaendelea kukatwa hata salio likaingia chini ya sifuri bila mimi kukopa chochote. Nilipotaka kuifunga niliambiwa nilipe kwanza. Niliandika kueleza kwamba akaunti haikuwa na muamala wangu hata mmoja katika kipindi hicho, na tawi likafuta sehemu kubwa ya deni. Anayesafiri aifunge kabla ya kuondoka, au aiombe benki aina ya akaunti isiyo na ada ya mwezi, na akiifunga achukue barua yenye muhuri inayosema salio ni sifuri, kwa sababu akirudi kuomba mkopo miaka ijayo barua hiyo ndiyo atakayoulizwa.