Mama anataka kuja kunilea uzazi, na ndiye aliyenishika siku ile. Nifanyeje?

Bhoke_Ziwani:
Habari zenu humu. Wenye kejeli naomba mpite kimya, leo sina nguvu ya kubishana.

Nina miaka 29, Mkurya wa Tarime, nimeolewa Mwanza. Mimba ya kwanza, miezi saba. Nilikeketwa Desemba 2008 nikiwa na miaka 12. Wa kwetu wanajua ule ulikuwa mwaka wa msimu wa kukeketa. Kidonda kilipona na kwa miaka mingi nilijiambia yameisha.

Kinachoniumbua ni filimbi. Siku ile tulirudishwa nyumbani kwa filimbi na ngoma, vijana na virungu vyao, mimi chini ya mwavuli, noti zimebanwa kwa pini kwenye khanga, damu inashuka mguuni na sitakiwi kuchechemea. Juzi nipo stendi ya Buzuruga, mgambo kapuliza filimbi yake. Nikajikuta nimechuchumaa katikati ya mabasi, watu wananiuliza, "Dada, umedondosha nini?"

Kliniki ndiyo balaa. Nesi aliniambia nipande kitandani nipanue miguu, mwili ukaganda. Namsikia anaongea kama yuko ndani ya kisima. Akasema, "Mbona wakati wa kuitafuta hiyo mimba hukuogopa?" Wenzake wakacheka. Sijarudi, wiki ya sita sasa. Mama mkwe anasema ni mapepo, kanipeleka kuombewa mara mbili.

Sasa mama kapiga simu. Ameshanunua ulezi wa uji, anakuja kunilea arobaini nzima. Mama yangu nampenda, jamani. Lakini siku ile yeye ndiye aliyekaa nyuma yangu, magoti yake mbavuni mwangu, kiganja machoni. Akaninong'oneza, "Ukilia umeniaibisha." Sikulia. Hadi leo mtu akinishika kwa nyuma nasikia harufu ya ugoro wake.

Nimkatalie? Na hii hali ina tiba, au ndiyo nimeumbwa hivi sasa?

Kidume_Halisi:
Bibi zetu wote walipitia na wakazaa watoto kumi kumi. Hayo ya kuumia moyo mmeletewa na mashirika.

Moraa_Gusii:
@Kidume, bibi yako ulishawahi kumuuliza analala vipi?
Dada, mimi ni Mkisii wa Kenya. Nilikatwa na nesi, nyumbani, kwa ganzi, na wembe mpya. Wazazi wangu ni watu wa shule, walisema hiyo ndiyo njia ya kisasa. Sikusikia uchungu wowote, nikanunuliwa soda. Na bado nikinusa spiriti ya kupangusia kabla ya sindano natapika. Kwa hivyo usidhani ni wembe peke yake. Ni kufanyiwa na watu unaowaamini, na hakuna mtu anakuuliza. Sheria yetu ya 2011 ilikuja mimi nishapita.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Mdogo wangu, kwa niaba ya fani, pole. Ile kauli ya nesi ni aibu yetu.
Ila kliniki rudi, hata kesho. Mahudhurio mengi ni presha, damu, mkojo na kupima tumbo. Njia haipimwi kila mara. Andika kwenye karatasi, maana mdomo utagoma: "Nilikeketwa. Naogopa kupimwa njia. Niambie kabla hujanigusa, nikiinua mkono simama." Mpe mkunga mmoja, mtu mzima, faraghani. Mimi nimepewa karatasi ya hivyo mara mbili na nilishukuru, kwa sababu kovu la pale halivutiki kama ngozi nyingine, linaweza kuchanika vibaya. Ni bora tulijue mapema kuliko kulikuta kichwa cha mtoto kimeshafika. Pia si lazima ulale chali. Ubavu unafaa.

Mnasihi_Dodoma:
Sio mapepo. Tunakiita kiwewe. Tukio la kawaida akili hulipanga kwenye jana; hili lilikuwa kubwa mno kwa mtoto wa miaka 12 tena aliyekatazwa kulia, likabaki halijapangwa. Ndiyo maana filimbi ikilia mwili wako hauko Buzuruga, uko Tarime.

Tiba ipo. Ni ya mazungumzo, wiki kwa wiki, na mtu aliyesomea: unajifunza kukamata fikra ("nitakatwa tena", "nilistahili"), kisha unasogelea vitu unavyovikwepa kidogo kidogo, kwa kasi yako. Shirika la Afya Duniani liliitaja kwenye mwongozo wake wa 2016 kwa waliokeketwa wenye sonona, wasiwasi au kiwewe. Hapo Mwanza anzia hospitali ya Bugando, kitengo cha afya ya akili. Ikihitajika dawa, daktari ataichagua akijua una mimba. Usijinunulie vidonge vya usingizi duka la dawa, tafadhali.

Kwa sasa, filimbi ikilia tazama viatu vyako. Sema kwa sauti: nina miaka 29, niko Mwanza, mume wangu ni fulani. Utaonekana chizi stendi, stendi wamezoea.

Mnyaturu_Mpole:
Kama ni wa kike mwangalie anapoogeshwa. Kwetu Singida wanakata vichanga kwa kisingizio cha lawalawa, yaani ugonjwa wa sehemu za siri. Sheria ya 1998 inamlinda kila binti chini ya miaka 18 na kifungo kinafika miaka 15, lakini kichanga atamshtaki nani?

Bhoke_Ziwani:
Kwetu hawakati vichanga. Ila ni wa kike, ndiyo.

Mama_wa_Sirari:
Nimesoma hii mara tatu kabla ya kuandika. Mimi ni rika la mama yako na niliwashika wanangu wawili. Ningekataa, binti angeitwa msagane, yaani asiyekeketwa, mpaka uzeeni, na mimi kisimani ningesimama peke yangu. Sijitetei, nakueleza tulivyokuwa. Wa tatu nilimpeleka mwenyewe nyumba salama, Masanga, akakaa hadi msimu ukapita. Baba yake hakusema nami miezi minne.

Binti yangu mkubwa aliniambia kwenye simu, "Mama, ulinishika." Nikakata. Nikapiga baada ya wiki. Angeniambia uso kwa uso ningeondoka na mkoba wangu na tusingeonana tena. Kwa hiyo mwambie kabla hajapanda basi. Kusamehe sikuombi, hilo ni lako.

Bhoke_Ziwani:
Narudisha majibu, siku kumi baadaye. Karatasi nilimpa mkunga mmoja mnene mpole. Akaisoma, akafunga mlango, akapima tumbo tu. Bugando nimeenda mara moja, nililia saa nzima, nimepangiwa tena Alhamisi.

Mama nilimpigia nikiwa nimekaa sakafuni. Nikasema yote, hata ya ugoro. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Ukijifungua nani atakaa nyuma yako?" Nikasema mume wangu. Akasema sawa.

Leo asubuhi ulezi umefika na basi, kilo tano, umefungwa kwenye khanga. Yeye hakuja.