Eti "viskripti vya kienyeji"! Huyu mtu simwezi tena

Wakuu, huyu mwenzangu wa kazini simtaji, mnamjua, kila ofisi yenye seva haimkosi. Leo asubuhi kanisonta kidole mbele ya bosi na wahasibu wawili: "tatizo ni viskripti vyake vya kienyeji". Vya kienyeji! Skripti za bash (mafaili ya amri yanayojiendesha yenyewe kwenye seva) nilizokesha nazo miaka 3, zinapiga bakapu ya databesi saa 8 usiku, zinarinyu vyeti vya usalama wa tovuti vya Let's Encrypt ambavyo vinaishi siku 90 tu, nyie mnakoroma zenyewe zinafanya kazi, leo za kienyeji??

Sasa sikieni. Cheti kimeisha, wateja wanakutana na onyo, naingia kwenye seva napiga sudo crontab -l nione ratiba ya cron, ile inayoziamsha skripti, inajibu "no crontab for root". Nyeupe, kama sahani iliyorambwa! Nachimba historia ya amri kwenye akaunti yake, mwezi na ushee nyuma imekaa peupe: sudo crontab -r. Alitaka -e ahariri, kidole kikaangukia jirani, na -r haikuulizi mara mbili, inafagia yote. Akaona akanyamaza akaenda kula chipsi. Mwezi mzima ananisalimia! Halafu vya kienyeji, mbele ya WAHASIBU.

mlinzi_wa_logi: Pole mkuu, ila miaka 3 hujawahi kupiga crontab -l > nakala.txt ubaki na nakala ya ratiba? Una bakapu ya kila kitu kasoro ya bakapu yenyewe 😂😂

Mwenye uzi: Nakala sio hoja. Kasema VYA KIENYEJI.

bintiseva: Na certbot, programu ya kurinyu hivyo vyeti, si inakujaga na taima yake ya systemd (kiendesha huduma cha Linux), cron ulikuwa unaitakia nini? Hapo ni kienyeji kweli.

kaka_bash: Bora wako kafuta ratiba. Wetu aliandika rm -rf $njia/* (futa vyote vilivyo ndani ya $njia) na $njia ikawa haijawekwa thamani kabisa, seva ikajitafuna kuanzia kwenye mzizi. Ukimwambia aweke set -u, skripti isimame ikikuta kitu kisichowekwa thamani, anasema hiyo ya waoga.

bintiseva: Wetu anachokonoa faili la mipangilio ya nginx (programu inayohudumia tovuti) Ijumaa jioni, hapigi nginx -t kulikagua, anaristati. Angerilodi tu bila kuzima, ikikuta kosa mipangilio ya zamani ingeendelea, yeye anazima tovuti zote na simu hapokei.

Mwenye uzi: Jamani mbele ya wahasibu lakini

mlinzi_wa_logi: Tukiwa hapo hapo, nani ana skripti ya kubana logi (mafaili ya kumbukumbu za seva)? Diski yangu iko 97%

kaka_bash: logrotate mkuu, ipo tayari humo

mlinzi_wa_logi: Mipangilio yake naiweka wapi?

kaka_bash: /etc/logrotate.d, jaribu kwanza na -d haitagusa kitu