Troli la hoteli, toroli au mkokoteni: lipi litafaa kazi ya mwani?

Kijana wa Jambiani
Assalaam alaykum wakubwa zangu. Mama na mama zangu wadogo wanalima mwani. Kila bamvua, maji yakikupwa sana, wanatoa mapolo (magunia) ya mwani mbichi kichwani, kutoka majini mpaka uani pa kuanikia. Mama shingo inamsumbua sasa, na habari ya kupumzika hataki kuisikia. Nataka niwapatie kitu cha magurudumu. Kuna hoteli inauza matroli yake ya zamani, yale yanayong'aa ya kubebea masanduku ya wageni, na bei si mbaya. Kuna toroli la ujenzi, hilo madukani limejaa. Na kuna mkokoteni wa kuchomeleshwa kwa fundi. Gari la ng'ombe mtaani lipo, lakini mwenyewe akipata tripu za matofali humuoni tena. Njia yetu ina mchanga wa majimaji, kisha mchanga mkavu mwingi, halafu kipande cha mawe mpaka mlangoni. Nichukue lipi?

Fundi Vyuma, Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam mwanangu. Troli la hoteli waachie hoteli. Kitu kile kimeundiwa sakafu ya vigae. Nenda uwanja wa ndege ukayatazame matroli ya abiria: humo ndani mtoto anaendesha, ukibonya mpini breki inaachia, raha tupu. Likitoka nje likakuta kokoto moja tu, troli linasimama na masanduku yanaendelea na safari. Gurudumu dogo linaingia kwenye kila shimo ambalo gurudumu kubwa lingelipita juu. Na zile beringi zake ndogo, vigololi vinavyozungushia gurudumu, zikionja maji ya chumvi, mwezi wa pili zinapiga kelele, wa tatu hazizunguki.

Toroli la ujenzi silidharau, ila jua linavyofanya kazi. Gurudumu liko mbele, mikono iko nyuma, mzigo uko kati, kwa hiyo uzito mnagawana weye na gurudumu. Ukipakia kilo 60 na mzigo ukakaa theluthi ya njia kutoka kwenye ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) kwenda mikononi, unainua kilo 20. Ukiurudisha nyuma mpaka nusu ya njia, unainua 30. Na kila hatua unalizuia lisipinduke. Sasa mama mwenye shingo mbovu umemtoa mzigo kichwani ukamtia mabegani na kiunoni.

Mkokoteni wa magurudumu mawili ni habari nyengine. Mzigo ukikaa sawasawa juu ya ekseli, karibu uzito wote unabebwa na chuma, mtu anabaki kuvuta na kuelekeza. Mie kabla ya kushika mashine ya kuchomelea nimesukuma mikokoteni Malindi ya Unguja. Tulikuwa tunapakia magunia ya mchele tukitoka bandarini, tunaingia vichochoro vya Mji Mkongwe huku tunapiga kelele "pisha njia!", na aliyekuwa mwepesi alikuwa yule anayejua kupakia. Wenye misuli walikuwa wanachoka kabla ya Darajani kwa sababu wanarundika mzigo mbele.

Kwa njia yako nakushauri hivi. Tairi za pikipiki usitie, nyembamba, zinachana mchanga na kuzama. Tafuta tairi chakavu za gari dogo, kama zile za magari ya ng'ombe, upepo usizijaze, ziache zilegee kidogo zipate kukanyaga kwa upana. Mchangani mkokoteni uvutwe, usisukumwe. Ukisukuma, mikono inaukandamiza chini. Ukivuta, unaunyanyua kidogo. Mchanga wa majimaji uliokwisha kupwa ni mgumu, huo hautakusumbua. Kipande cha mchanga mkavu ndicho kibaya, pale tandikeni makuti ya minazi mistari miwili, tairi zipite juu. Na ekseli isiingie baharini. Mapolo yaletwe kwenye mkokoteni, wala mkokoteni usiyafuate majini.

Bi Wete
Fundi umesema kweli lakini umesemea pwani. Huku kwetu Pemba ni vilima na mabonde, na msimu wa karafuu njia ya shambani ni ujia wa mtu mmoja katikati ya mikarafuu. Mkokoteni wako wa tairi mbili utapita wapi? Toroli la gurudumu moja linapita popote mguu unapopita.

Fundi Vyuma, Mwanakwerekwe
Bi Wete, hapo umenifunga mdomo. Ujiani toroli.

Mtoro wa San Diego
Hahaha, huku Marekani niliko troli ni treni nyekundu inayochukua umeme kwenye waya wa juu, tangu 1981 inatembea, inafika mpaka San Ysidro kwenye mpaka wa Mexico. Kijana wa Jambiani, hilo likifika kwenu mapolo yote yatatoka kwa safari moja.

Fundi Vyuma, Mwanakwerekwe
Reli sisi tulikuwa nayo, gari la moshi la zamani la kutoka mjini Unguja mpaka Bububu, wala halikuchukua mwani.

Muuza Duka, Mkunazini
Kijana, kabla ya chuma fikiria watu. Kina mama watakubali? Troli la supamaketi lilipoanza Marekani mwaka 1937, kwenye maduka ya Sylvan Goldman huko Oklahoma City, wateja walilikwepa. Wanaume waliona kulisukuma ni kujionesha wanyonge, wanawake wakasema vigari vya watoto vimeshawachosha. Goldman akalipa watu wazunguke dukani wakisukuma matroli kama wanunuzi, wazee na vijana, mpaka wengine wakaiga. Weye huna pesa za kulipa watu, lakini mama yako ukimpata yeye wa kwanza, jirani zake watafuata.

Kijana wa Jambiani
Ahsanteni sana. Muuza Duka umepiga penyewe, mama mdogo ameshaniambia hawezi kuvuta gari kama punda watu wanamtazama. Basi siku ya kwanza nitavuta mwenyewe. Fundi, ekseli nitie beringi au bushi?

Fundi Vyuma, Mwanakwerekwe
Kwa pwani bushi ya nailoni, ile pete isiyo na gololi inayozungukia ekseli, haishiki kutu, na ikiisha unabadilisha bila kuita fundi. Chuma chote paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na kila mkitoka pwani mwagieni maji ya kisima. Mpini uufanye mrefu, mkingamo upite kifuani, watu wawili wavute bega kwa bega. Halafu pima upana wa mlango wa uani kwenu kabla hujakata chuma hata kimoja, unitajie.

Kijana wa Jambiani
Nimepima, sentimita 90.

Fundi Vyuma, Mwanakwerekwe
Basi kutoka ncha ya ekseli mpaka ncha isizidi 80. Tairi za gari zitakula nafasi, kwa hiyo sanduku likae juu ya tairi, lisiwe katikati yake. Njoo na vipimo, tutachora.